Asiransi ikiomba dosiye ya mugonjwa: tujibu nini, tuache nini?



Wengi kati yetu tuliomaliza masomo, hata wale ambao hawakusoma udaktari, leo wanatumika ndani ya hospitali: kwenye kasa, kwenye biro ya faktire, ao katika usimamizi. Wengine wako upande wa pili, ndani ya kampuni za asiransi, mituele, ao biro ya personeli. Kuna jambo moja linalotukutanisha sisi wote kila mwisho wa mwezi. Hospitali imetuma faktire, inangojea feza, kisha barua fupi inarudi: tutumieni dosiye ya huyu mugonjwa, bila hiyo hatulipe.

Hapo watu wanajibuka kwa namna mbili. Wa kwanza anakimbia kwenye arshive, anatoa dosiye yote, anapiga fotokopi toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, anatuma. Anajisemea: feza ya hospitali kwanza. Wa pili anafunga mulango: dosiye ni siri ya muganga, hatutume kitu. Anajisikia ametetea mugonjwa. Kumbe wote wawili wamekosea, na mwenye kuumia ni mutu mumoja: mugonjwa. Kwa wa kwanza, siri yake inatembea mpaka kwa patro wake. Kwa wa pili, asiransi inakataa kulipa, na hospitali inamugeukia yeye, inamuambia alipe mwenyewe. Sisi wote tunajua hapa kwetu mugonjwa aliyepona lakini hajalipa anaweza kubakia kitandani siku nyingi ju ya faktire.

Kwa hiyo swali si "tutume ao tusitume". Swali ni: tutume nini, kwa nani, na kwa njia gani?

1. Juu ya nini asiransi inaomba karatasi?

Tuanze kwa kuwa wa haki. Asiransi kuomba maelezo si ubaya. Sheria ya kazi ya 2002 inamupa patro muzigo wa kutunza afya ya mutumishi wake na familia yake. Zamani kampuni nyingi zilikuwa zinafanya jambo hilo zenyewe: patro anatoa bon, mutumishi anaenda nayo hospitali, mwisho wa mwezi kampuni inalipa. Upande wa asiransi, SONAS ilikuwa peke yake sokoni kwa miaka mingi. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko hilo, ikaweka pia ARCA kama musimamizi wake, na tangu 2019 kampuni za kibinafsi zilianza kupata ruhusa ya kutumika. Ndiyo maana leo makampuni mengi yanawekaka afya ya watumishi wao mikononi mwa asiransi.

Sasa, yule anayelipa hakuwa ndani ya chumba cha muganga. Hakuona mugonjwa. Anaona karatasi tu. Ni lazima ajue mambo machache: huyu mutu ni kweli mwenye karata, ao ni jirani aliyeazima? Matunzo yaliyoandikwa yalifanyika kweli? Yanaendana na ugonjwa? Bei ni ile ya konvansio tuliyosinya? Kazi kubwa kama operasio ao skana iliombewa ruhusa mbele? Tena, kuna hospitali zinazoandika siku tano za kulala wakati mugonjwa alilala tatu. Tusijifiche. Jambo hilo linafanyika, na feza hiyo inatoka kwa wanamemba wote.

Kwa hiyo asiransi iko na haki ya kuuliza. Lakini haki ya kuuliza swali si haki ya kusoma maisha yote ya mutu.

2. Sheria inasema nini juu ya siri?

Kifungu 73 cha kitabu cha pili cha sheria ya makosa ya jinai ya Kongo kinasema kuhusu watu ambao, kwa hali yao ao kwa kazi yao, wanabeba siri za wengine. Akifichua siri hiyo nje ya yale sheria inaruhusu, mutu anaweza kufungwa toka mwezi mumoja mpaka miezi sita, pamoja na faini. Angalieni vizuri: kifungu hakisemi "waganga" peke yao. Wewe wa biro ya faktire unayesoma matokeo ya labo ili kuandika bei, kazi yako imekuweka ndani ya siri hiyo. Usiseme "mimi si muganga".

Kisha kuna sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, inayolinda watu wenye kuishi na virusi vya SIDA. Na kuna Kode ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayogusa ulinzi wa habari za watu. Maana yake, kupiga foto ya dosiye na telefone na kuituma si jambo dogo la kurahisisha kazi. Ni kusafirisha habari ambazo sheria inalinda.

Basi, siri na malipo vinapatanishwa namna gani? Kwa vitu vitatu: ruhusa ya mugonjwa, muganga-mushauri wa asiransi, na kipimo.

Ruhusa: wakati wa kuingia katika asiransi, ao kwenye karatasi ya matunzo, mara nyingi mugonjwa anasinya kwamba anakubali muganga apatie asiransi maelezo ya lazima kwa malipo. Mutafute karatasi hiyo na muisome. Kama haiko, ao kama haionyeshi kitu kinachoombwa, mumuulize mugonjwa mwenyewe, asinye.

Muganga-mushauri: ni ule wanaitaka kwa Kifaransa médecin-conseil. Ni muganga anayetumikia asiransi, na yeye pia amefungwa na siri. Njo mutu ambaye maelezo ya ugonjwa yanapashwa kumufikia. Si mutu wa kasa ya asiransi, si mutu wa biashara, na zaidi sana si shefu wa personeli wa kampuni.

Kipimo: kile kinachojibu swali, bila kuongeza.

3. Njia ya kufuata, hatua kwa hatua

Tuseme biro yako imepata ombi leo asubuhi. Fanya hivi.

Kwanza, dai ombi liwe la maandishi. Mutu akipiga simu na kusema "mimi wa asiransi, nitumie matokeo kwa WhatsApp", mujibu kwa heshima kwamba unangojea barua. Sauti kwenye simu haina kashe. Barua inapashwa kuonyesha namba ya faktire, jina la mugonjwa, tarehe ya matunzo, na hasa swali: wanataka kuhakikisha nini?

Pili, andika ndani ya rejista: siku ombi lilipofika, nani ameomba, ju ya nini, na siku ya mwisho ya kujibu. Konvansio nyingi zinaweka muda. Ukipita, faktire inaweza kufa hata kama ulikuwa na haki. Rejista moja ya kurasa mia inaokoa feza nyingi.

Tatu, angalia kama ombi halina swali. "Tutumieni dosiye" si swali. Hapo unaandika barua ya mistari mitatu: tumepokea ombi lenu, tuko tayari kujibu, mutuambie ni tendo gani ao siku gani muna mashaka nayo. Mara nyingi jibu linarudi kwamba wanatafuta karatasi moja tu.

Ine, peleka ombi kwa muganga aliyetunza mugonjwa, ao kwa muganga mukubwa. Yeye njo anachagua karatasi za kutoka. Mutu wa faktire anatayarisha, anahesabu, anakumbusha muda, lakini asiamue peke yake mambo ya ugonjwa.

Tano, tuma kopi, usitume orijinali hata siku moja. Orijinali ikipotea njiani, mugonjwa akirudi usiku na ugonjwa ule ule, muganga wa gardi atasoma nini?

Sita, funga ndani ya bahasha, andika juu yake kwamba ni siri ya kiganga, na jina la muganga-mushauri. Kama ni kwa imeli, faili ifungwe na neno la siri, na neno hilo lipite njia ingine. Usipitishe kwenye gurupe ya WhatsApp ya hospitali na asiransi, fasi ambapo watu makumi mawili wanasoma.

Saba, omba akuse ya kupokea, na ubandike kwenye rejista: karatasi gani zimetoka, ngapi, siku gani, kwa mukono wa nani. Kesho mutu akiuliza siri ilitoka wapi, utakuwa na jibu.

4. Mifano: swali na karatasi inayolijibu

Asiransi ina mashaka na operasio ya apandisiti? Ripoti ya operasio na karatasi ya anesitezi vinatosha. Haiombi kujua kwamba mwaka uliopita mugonjwa alitibiwa ugonjwa wa zinaa.

Ina mashaka na siku za kulala? Tuma tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na karatasi ya ufuatiliaji ya siku zile tu.

Ina mashaka na ekzame? Tuma karatasi ambayo muganga aliomba ekzame hiyo, na jibu la labo la ekzame hiyo. Kama kwenye ukurasa mumoja kuna majibu ya ekzame zingine ambazo haziko kwenye faktire, muzifunike mbele ya kupiga fotokopi. Kipande cha karatasi nyeupe kinatosha.

Ina mashaka na dawa? Ordonanse na karatasi ya farmasi inayoonyesha kwamba mugonjwa alizipokea.

Ina mashaka na mutu mwenyewe, kama ni yeye ao jirani? Hapo haihitaji ugonjwa hata kidogo. Inahitaji kopi ya karata, sahihi ya mugonjwa, na saa alipoandikishwa.

Munaona? Kwa maswali mengi, karatasi mbili tatu zinatosha. Dosiye nzima inaombwaka kwa sababu ni rahisi kuomba, na inatumwaka kwa sababu ni rahisi kutuma.

5. Namba pia inasema

Kuna wenye kufikiri kwamba wakiandika namba peke yake pahali pa jina la ugonjwa, siri imelindwa. Si kweli. Katika orodha ya magonjwa ya shirika la afya duniani, ile ya kumi, B54 ni malaria, K35 ni apandisiti kali, B20 inaonyesha ugonjwa unaotokana na virusi vya SIDA, F32 ni huzuni kubwa ya akili, O03 ni mimba iliyotoka yenyewe. Mutu yeyote mwenye telefone anaandika namba hiyo kwenye intaneti na anapata jibu kwa sekonde tano.

Kwa hiyo faktire inayoenda kwa patro, ao listi ya jumla ambayo asiransi inarudishia kampuni mwisho wa mwezi, isibebe namba za magonjwa kando ya majina. Patro anaweza kujua amelipa ngapi. Hapashwi kujua ni ju ya nini. Wenzetu mulio ndani ya asiransi, hapa kazi ni yenu zaidi: mutenganishe karatasi ya feza na karatasi ya ugonjwa.

6. Mahali siri inavunja nyumba

Tufikie jambo zito, ambalo watu hawasemi. Karata ya asiransi mara nyingi iko kwa jina la bwana, kwa sababu yeye njo mutumishi. Bibi na watoto wanatunzwa chini ya jina lake. Sasa, mama ameenda hospitali kuomba njia ya kupanga uzazi. Ao amepimwa virusi vya SIDA. Ao mimba imetoka. Ao, na hapa Kivu tunajua maumivu haya, ametunzwa baada ya kubakwa na hajapata nguvu ya kusema nyumbani. Asiransi inaomba maelezo, biro ya faktire inatuma kwa "mwenye karata", na bwana anasoma kwenye karatasi kile mama hakuwa bado amemuambia. Tunajua namna gani usiku ule unaweza kumalizika.

Mwenye karata si mwenye ugonjwa. Ruhusa ya kutoa maelezo inatoka kwa yule aliyetunzwa, hata kama jina lake haliko mbele ya karata. Kwa mutoto mudogo, muzazi njo anasinya. Lakini kwa binti aliyekaribia utu uzima, muganga aongee naye kwanza, amuelezee karatasi gani itatoka na nani ataisoma.

Mbele ya kuandika matunzo ya namna hii kwenye faktire ya asiransi, mumuambie mugonjwa wazi: ukipitisha hapa, asiransi itaona, ukitaka, unaweza kulipa mwenyewe, na haitapita. Mwengine atachagua kulipa. Tena kuna matunzo ambayo miradi ao serikali inabeba, kama dawa za kupunguza virusi vya SIDA, ambayo hayahitaji kuingia kwenye faktire hata kidogo.

7. Kudanganya si kulinda

Kuna muganga mwenye roho nzuri anayesema: mimi nitaandika malaria, na mambo yaishe. Ndugu, hapana. Kwanza, kuandika ugonjwa ambao haupo ili kulipwa ni udanganyifu, na asiransi ikigundua moja, itakataa kumi, ikiwemo ya kweli. Pili, uongo huo unabakia ndani ya dosiye. Mwaka ujao muganga mwengine atasoma kwamba huyu mama alikuwa na malaria tatu, wakati kumbe ni mimba tatu zilizotoka, na hatatafuta sababu. Siri inalindwa kwa kufunga njia ya karatasi, si kwa kubadilisha kile kilichoandikwa ndani.

8. Na kama wanakataa kulipa hata hivyo?

Inatokeaka. Umejibu swali, umetuma karatasi za lazima, na bado wanasema: dosiye nzima ao hatulipe. Usikasirike kwenye simu. Andika: tarehe fulani mumeuliza hili, tarehe fulani tumejibu kwa karatasi hizi, muganga-mushauri wenu amepokea. Kama kuna swali lingine, mulionyeshe. Pendekeza kwamba muganga-mushauri aje mwenyewe hospitalini, asome fasi ya dosiye inayohusu, mbele ya muganga aliyetunza, bila kutoka na fotokopi. Njia hii inamaliza mabishano mengi, kwa sababu waganga wawili wakikaa pamoja, dakika ishirini zinatosha.

Ikishindikana, mufungue konvansio, fasi inayoelezea mabishano, na muifuate. Kisha kuna ARCA, ambayo inasimamia kampuni za asiransi. Lakini kitu kimoja: wakati mabishano yanaendelea, mugonjwa asifanywe rehani. Yeye alionyesha karata, alisinya, alitimiza upande wake. Deni liko kati ya hospitali na asiransi.

9. Neno kwa wanaosoma masomo ya Wamarekani

Vijana wengi siku hizi wanajifunza kazi ya faktire kwa video za Marekani, na wanakuja kutuambia "HIPAA inasema". HIPAA ni sheria ya Marekani ya 1996. Kule, hospitali inaweza kupatia asiransi maelezo kwa ajili ya malipo bila kuomba sahihi ya mugonjwa kila mara, lakini inapashwa kutoa kiasi kidogo kinachotosha. Tena maandishi ya binafsi ya mutaalamu wa matunzo ya akili yanalindwa zaidi, yanahitaji ruhusa ya pekee. Kile cha kuchukua kule ni mawazo ya kipimo. Kile cha kuacha ni kufikiri kwamba sheria yao inatufunika hapa. Hapa tuko na kifungu 73, na sheria zetu zingine, na konvansio tulizosinya.

10. Kwa sisi wote wenye karata

Mwishoni, hata kama hautumike hospitalini, siku moja utakuwa mugonjwa. Usome karatasi ya asiransi mbele ya kuisinya. Uulize: nani ataona maelezo yangu? Patro anapata listi ya namna gani? Bibi yangu ao bwana yangu anaona nini? Usione haya kuuliza. Mwenye kuuliza hapoteze njia.

Na kwenu mulio kwenye biro ya faktire: kesho asubuhi, mukifika kazini, mufungue rejista mupya. Kwenye ukurasa wa kwanza muandike mistari mine: nani ameomba, ameuliza nini, tumetuma nini, nani amepokea. Ni kazi ndogo. Lakini kuna mama fulani, hamumujue, ambaye atalala salama nyumbani mwake kwa sababu ya mistari ile mine.

 Mupelekee na wenzenu walio kwenye kazi hiyo.